Naomba ushauri: niende Ghana kuiona Elmina, au nisubiri?

Mwalimu wa Pwani
Wanajamvi, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Bagamoyo, na kwa miaka 19 nimewaeleza wanafunzi habari za ngome ya Elmina, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482 na baadaye kutumika kufungia watumwa, ilhali mimi mwenyewe sijavuka mpaka wa nchi hata siku moja. Likizo ya Juni inakaribia, na tiketi ya kwenda Accra kwa kupitia Addis Ababa nimeiona kwa bei ninayoimudu, lakini kila nikitaka kuilipia moyo unanienda mbio na usingizi unaruka. Naombeni mnishauri: niende sasa au nisubiri?

Baharia Mstaafu
Mwalimu, Juni ni msimu wa mvua nyingi katika pwani ile, kwa hiyo beba mwavuli. Enzi zangu za meli nilishuka bandari ya Tema mara mbili, na kilichonishinda si joto bali magari, kwani wenzetu huendesha upande wa kulia. Nusura nigongwe na trotro, ambayo ndiyo daladala yao, nikiwa nimegeuzia shingo upande usio wenyewe. Kuhusu chakula usihofu. Banku ni ugali wa mahindi na muhogo uliochachushwa, nawe utauzoea siku ya pili, ila pilipili yao haina adabu.

Mama Nuru
Bado sijaelewa tatizo. Mtu mwenye likizo na mwenye nauli anakosa usingizi kwa lipi? Fedha hizo zimetoka wapi, ndugu yangu? Mshahara wa mwalimu naujua, kwa kuwa nami naupokea.

Mwalimu wa Pwani
Dada, sehemu kubwa ni akiba yangu, na kiasi kidogo nimekopa mahali. Naomba tubaki kwenye swali la safari.

Dalali wa Kariakoo
Achana na Ghana, nenda Benin. Wameondoa viza kwa Waafrika wote, na pale Ouidah pana Lango la Kutorudi, mnara wa kuwakumbuka watumwa waliovushwa bahari, umesimama ufukweni kabisa. Wanazungumza Kifaransa, jambo ambalo lina faida yake: hata ukitukanwa utajibu kwa tabasamu.

Mama Nuru
Mahali ni wapi?

Mwalimu wa Pwani
Basi niseme. Mimi ndiye mweka hazina wa mfuko wa kufa na kuzikana wa walimu wa shule yetu, ambao tuko 34. Nimechukua humo shilingi milioni moja na laki sita, nikaandika kwenye daftari kwamba ni mkopo, nikaweka tarehe na sahihi yangu, kwa hiyo sioni namna yoyote ya kuuita wizi. Tangu Januari hatujafiwa. Mkopo wangu wa chama cha akiba na mikopo utatoka Julai, na nitarudisha kila senti kabla ya kikao cha Agosti. Na ili nisiwafiche tena, tiketi nimeshailipia tangu juzi. Fedha haziwezi kurudishwa, ingawa tarehe inabadilika kwa kuongeza kiasi fulani.

Mzee wa Tandale
Mwanangu, mkopo ambao aliyekukopesha hana habari nao una jina lake, nawe unalijua. Mwaka 2011 shemeji yangu alikabidhiwa fedha za namna hiyo akazinunulia mbuzi, akitumaini kuwauza wakati wa Idi na kurudisha mtaji kimyakimya. Mzee mmoja wa chama akafariki Jumatano, mbuzi wakiwa bado zizini, na sanda tukaikopa dukani huku watoto wa marehemu wakitutazama. Hadi leo shemeji huyo akifika msibani, mazungumzo hukatika mpaka atafute pa kukaa.

Dalali wa Kariakoo
Jamani, hii ni chai, na sukari imezidi. Mtu ajichotee fedha za wafiwa kisha aje kututajia mji, somo analofundisha na idadi ya wanachama? Mwanzo tiketi ilikuwa haijalipiwa, sasa imelipiwa tangu juzi. Tena hajauliza lolote kuhusu chanjo ya homa ya manjano, wakati bila kadi yake Ghana haingii. Mwandishi wa hadithi hii hajui hata mlango wa uwanja wa ndege ulipo.

Mwalimu wa Pwani
Sikuuliza kwa sababu nilichanjwa Jumatatu, na mkono bado mzito. Kadi iko mbele yangu hapa: ni ya manjano, na mhuri wake umechafuka kwa kuwa niliikunja kabla wino haujakauka, hata herufi ya mwisho ya jina langu imemezwa na doa la buluu. Nimeificha ndani ya daftari la mfuko, ambalo mke wangu haligusi. Kila nikilifungua niitazame kadi, naliona jina la mwenzetu wa hisabati, ambaye mama yake amelazwa tangu Ijumaa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si ndege.

Baharia Mstaafu
Mimi namwamini. Mwalimu, pale Elmina utaoneshwa upenyo mwembamba ukutani, ambao mtu mnene hapiti, na ndimo walimotolewa watumwa kupelekwa melini. Nilisimama hapo nikashindwa kumjibu mwenzangu aliyekuwa akiniita. Nenda ukauone, lakini usiende ukiwa unasikilizia simu ya msiba.

Mwalimu wa Pwani
Nina swali moja tu. Nikisogeza tarehe hadi likizo ya Desemba, kadi hii itafaa, au itanilazimu kuchanjwa upya?

Muuguzi wa Zamu
Huhitaji kuchanjwa tena. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinahesabiwa kuwa cha maisha. Isipokuwa mhuri uliochafuka na jina lisilosomeka vitakusumbua mpakani, kwa hiyo rudi kituoni wakuandikie kingine wakati kumbukumbu zako bado ziko juu juu.

Mwalimu wa Pwani
Ahsante. Nitapita kesho asubuhi, nikitoka kwa mwenyekiti.