Mrejesho: picha za nguchiro wa Mweya

Wakuu, niliuliza kwa nini picha zangu za nguchiro wa Mweya, Hifadhi ya Queen Elizabeth kule Uganda, zinatoka na ukungu, mnyama anaonekana kama kiatu kilichotupwa majanini. Mkasema nishuke chini, niongeze kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga), nisiogope kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga).

Kushuka chini ndiyo dawa yenyewe. Nililala kifudifudi kwenye nyasi fupi, askari wa wanyamapori akiniangalizia viboko, kundi likanipita likichimbua mende. Wale wamezoea watu, hata hawashtuki. Kasi 1/1000 ya sekunde, ISO 3200, fokasi kwenye jicho: sasa unahesabu sharubu, na udongo uliogandia puani unauona.

Chenga, zile punje punje za ISO kubwa, zilikuwepo. Kwa kuwa nilipiga RAW (faili ghafi la kamera), wakati wa kuhariri nilizipunguza nyuma ya mnyama tu. Manyoya sikuyalainisha, yanapoteza uhai. Sehemu za kivuli nikaziongezea mwanga kidogo, milia ya mgongoni ikajitokeza.

Aliyeshauri nikate picha ibaki sura tu, hapana mkuu. Nguchiro huyu wa milia ni mnyama wa kundi, peke yake hanogi.

Komba wa usiku bado wananishinda. Mwenye uzoefu wa kuwapiga bila flashi aje.