Chanjo za msimu kwa tuliovuka 65: ipi ilikulaza, ipi hukuisikia?

Mzee_Kobe
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 71, presha inatii dawa, mapafu hayajawahi kunisumbua. Mwaka jana nilichomwa ya mafua mkono wa kushoto na ya UVIKO mkono wa kulia siku moja, ili nisipange foleni mara mbili. Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kesho yake nikashinda nimejikunja chini ya blanketi, viungo vyote vinauma. Kesho kutwa nikaamka mzima, natafuta chai.

Sasa msimu unakuja tena na daktari ameongeza ya tatu, ya RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa na mapafu. Kwenye mafua nimepewa nichague: ya kawaida, ya dozi kubwa, au ile yenye kichocheo. Tafadhali msiniambie "zote nzuri tu". Nataka kujua mlichagua ipi, ikawafanya nini, na kama mlizichoma kwa mkupuo au mlizitenganisha.

BibiAsubuhi
Dozi kubwa, misimu minne mfululizo, na nina miaka 78. Mkono huuma siku mbili, silali upande ule, basi. Mwaka wa kwanza tu ndio nilipata kijihoma cha jioni moja. Zamani nilikuwa nachoma ya kawaida na sikuwa nasikia chochote, ila msimu mmoja mafua yalinipata hata hivyo, siku tisa kitandani. Kama nisingechanjwa huenda ningelazwa, sijui. Ndipo nikahama.

Nesi_Mstaafu
Shikamoo Mzee Kobe. Nimedunga mabega kwa miaka mingi, ngoja nieleze tofauti zilipo.

Ya kawaida ina mikrogramu 15 za protini ya kirusi kwa kila aina ya mafua inayolengwa. Dozi kubwa ina 60, yaani mara nne. Kinga ya mwili nayo huzeeka, ukiigongea mlango taratibu haisikii, kwa hiyo unagonga kwa nguvu zaidi. Utafiti uliochapishwa 2014 ulifuatilia watu wapatao 32,000 wenye miaka 65 na zaidi: waliopata dozi kubwa waliugua mafua kwa asilimia 24 pungufu ya waliopata ya kawaida. Isomeni vizuri hiyo namba. Haina maana kwamba kinga yote ni asilimia 24. Maana yake ni kwamba kati ya wale ambao wangeugua licha ya kuchoma ya kawaida, karibu robo waliponea.

Yenye kichocheo ina kiasi kilekile cha protini, 15, lakini imechanganywa na mafuta ya skwalini yanayouamsha mwili. Si ngeni, Italia iliiruhusu tangu 1997. Ipo na nyingine ambayo daktari wako hakuitaja, isiyopitia kwenye mayai ya kuku kabisa inapotengenezwa, yenye mikrogramu 45. Marekani, tangu 2022, wenye miaka 65 na kuendelea wanashauriwa wapate mojawapo ya hizi tatu, na hakuna iliyotangulizwa mbele ya mwenzake. Zikikosekana, unachoma ya kawaida, hungoji.

Kwa maumivu, dozi kubwa na yenye kichocheo huuma zaidi kidogo kuliko ya kawaida, na ile isiyopitia kwenye mayai huuma karibu sawa nayo. Kilichokulaza mwaka jana, kwa nionavyo, ni ile ya UVIKO zaidi kuliko ya mafua.

Fundi_Saa66
Skwalini si ndiyo inatoka kwenye ini la papa? Kwa hiyo nina papa begani. Mke wangu asijue.

Ila la maana nililotaka kusema ni hili. Msibishane tu kuhusu chupa, angalieni na sindano inaingia wapi. Miaka miwili iliyopita nilichomwa juu mno, karibu na kiungo chenyewe. Chanjo haikunipa hata homa, lakini bega liligoma miezi minne, nikawa sifikii shati kwenye kamba. Siku hizi navua mkono mzima wa shati, sivuti tu kola pembeni, nakaa, na namwomba anayechoma naye akae. Akisimama mbele yako umekaa, mkono wake unapanda juu.

Nesi_Mstaafu
Fundi amesema kweli tupu. Sindano iende katikati ya mnofu wa bega, si kwenye mfupa wa juu. Maumivu ya kawaida huisha ndani ya siku chache. Bega likikaza wiki kadhaa, hilo ni jeraha la sindano na linahitaji matibabu, msilivumilie mkidhani ni chanjo "inafanya kazi".

Mtu_wa_Jua
Samahani wazee, mimi naona mnajitesa. Nilichoma ya mafua, wiki iliyofuata nikashikwa na mafua. Waliniwekea ugonjwa wenyewe.

Nesi_Mstaafu
Mtu wa Jua, pole kwa kuugua. Hizi tunazozijadili hazina kirusi kilicho hai, haziwezi kukuambukiza mafua. Kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo aliyekohoa karibu yako wiki ile alikuwahi. Na virusi vya mafua ya kawaida ya kupiga chafya ni vingi, chanjo hii haivigusi hivyo vingine vyote.

Mtu_wa_Jua
Sijashawishika, ila nimesoma.

Mwalimu_Hesabu
RSV hapa hamjaigusa na ndiko kwenye tofauti kubwa ya maudhi. Kirusi chenyewe kinajulikana tangu 1956, lakini chanjo za kwanza za wazee zilipata kibali Mei 2023, mbili ndani ya mwezi mmoja. Zinaitwa Arexvy na Abrysvo. Katika majaribio ya Arexvy, watu 6 kati ya 10 walisema mkono uliuma, na mmoja kati ya watatu alichoka. Katika ya Abrysvo, mkono uliuma kwa mmoja kati ya 10, na uchovu uliwapata kama 15 kwa 100. Ni majaribio mawili tofauti, hayakupambanishwa uso kwa uso, lakini mwanya ni mpana. Arexvy ina kichocheo cha familia moja na kile cha chanjo mpya ya mkanda wa jeshi, na aliyewahi kuchoma hiyo ya mkanda wa jeshi anajua ninachosema.

Msikimbilie laini kwa sababu hiyo pekee. Ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, miguu kufa ganzi na kulegea kuanzia chini, umeonekana mara chache sana baada ya zote mbili. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kwa zote, makadirio yakiwa takriban wagonjwa 7 hadi 9 wa ziada kwa kila dozi milioni. Ukihisi hivyo ndani ya wiki kama sita, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mimi nina pumu na miaka 76. Nilipiga hesabu, nikachoma ile inayouma. Siku moja na nusu ya uchovu.

Na jambo linalosahaulika: RSV kwa sasa ni dozi moja, si ya kila mwaka. Mzee Kobe, usiiweke kwenye fungu la kila msimu.

Mama_Pacha
Naomba kuuliza kwa niaba ya mama, 84, anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwaka jana alibaki na weusi mkononi kama ameanguka. Na baada ya ya UVIKO alipata kivimbe kwapani, tukalia nyumba nzima tukidhani ni saratani.

Nesi_Mstaafu
Mwambie anayechoma kabla hajafungua sindano. Watumie sindano nyembamba, kisha mgandamize pale kwa dakika mbili kamili bila kusugua. Kusugua ndiko kunakoleta weusi. Kivimbe kwapani ni tezi iliyoamka, upande uleule wa sindano, na huisha. Kisipopungua baada ya wiki chache apimwe. Kama ana miadi ya picha ya matiti, awaambie tarehe na mkono aliochomwa.

BibiAsubuhi
Mimi humeza paracetamol kabla sijatoka nyumbani. Nakosea?

Nesi_Mstaafu
Dada yangu, subiri uumwe kwanza. Kumeza mapema hakushauriwi. Homa ikija, meza. Homa ikizidi siku tatu, acha kuisingizia chanjo, umepata kitu kingine.

Mwalimu_Hesabu
Kuhusu mkupuo: kuchoma siku moja kunaruhusiwa, na kwa asiyeweza kurudi kirahisi ndiko bora. RSV na mafua zikienda pamoja, kingamwili hushuka kidogo kwenye vipimo, na uchovu unaweza kuzidi. Mwenye miguu yake na nafasi, atenganishe.

Mzee_Kobe
Ahsanteni sana. Nimeamua: RSV sasa hivi kabla msimu haujapamba moto, wiki mbili baadaye mafua ya dozi kubwa, UVIKO ya mwisho na peke yake. Nitaleta mrejesho.

Mzee_Kobe
Mrejesho. RSV: nilichagua ile ya Mwalimu. Mkono uliuma siku mbili, jioni ya kwanza kichwa kizito, nikalala saa mbili usiku kama kuku. Mafua dozi kubwa: mkono tu. Nilimwomba kijana akae, akanishangaa, akakaa. UVIKO ni wiki ijayo. Nilipoitaja, mjukuu alishalitoa lile blanketi kabatini.