Naomba ushauri: kupiga picha majalada ya komiki na kuyapa alama

Wakuu, salaam. Nahakiki matoleo mapya ya komiki za Marekani, na kwenye jalada kuna mambo mawili yananikwamisha.

La kwanza ni picha. Jalada la kung'aa likipigwa kwa flashi linatoa doa jeupe, na doa lenyewe hupenda kukaa usoni mwa mhusika. Taa mbili za pembeni, kila moja kwa nyuzi 45, zinaliondoa, lakini jalada la foili (lenye utando wa metali unaong'aa kama kioo) hapo linageuka jeusi tii kwa kuwa halina mwanga wa kurudisha. Skana nayo inaleta michirizi ya mawimbi juu ya picha, maana nukta za wino zinagongana na gridi yake. Kuskani kwa nukta 600 kwa inchi kisha kupunguza hadi 150 kunayafuta. Kwa foili mnafanyaje?

La pili ni alama za uhakiki. Toleo moja linaweza kuja na majalada matano tofauti, kurasa za ndani zikiwa zilezile. Zile tarakimu tano ndogo pembeni ya msimbo pau zinasaidia kuyatenganisha: 00121 ni toleo la 1, jalada la pili, chapa ya kwanza. Sasa, mnapima jalada A (lile kuu) tu au yote? Lile la 1:25, ambalo duka hupata moja kwa kila nakala 25 linazoagiza, mimi ningeliacha nje. Msomaji wa kawaida halipati kwa bei ya jaladani. Na mchoraji wa jalada akiwa si yule wa kurasa za ndani, mnakata pointi?