Tupeane uzoefu: eneo gani la bustani lilikusumbua, na mmea gani ulikubali hapo?

Mwenye mada

Wadau, habari zenu. Mtu akiuliza "nipande nini?", hupewa orodha ya maua mazuri. Kwangu mimi, swali la kwanza ni "unapanda wapi?" Mmea uleule hustawi upande huu wa nyumba na kudumaa upande wa pili, maji yaleyale, samadi ileile. Naomba kila mmoja ataje eneo moja tu, hali yake, na mmea uliotulia hapo.

Naanza na langu: ukuta unaotazama magharibi. Asubuhi kuna kivuli, mchana jua linaupiga moja kwa moja, na ukuta wenyewe huendelea kutoa joto hata jua likishazama. Kilichokubali ni bogenvilia. Inataka jua kali, saa sita au zaidi kwa siku, na ikishashika mizizi haitaki maji ya kila mara. Ukiizidishia inatoa majani tu. Zile rangi tunazozipenda si maua bali majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kale kadogo katikati. Ndiyo sababu rangi hukaa muda mrefu. Ina miiba, kwa hiyo isogezeni mbali na njia ya kupita.

Kivuli Tele

Asante mkuu kwa mada. Langu ni chini ya mti mkubwa. Wengi hudhani shida ya hapo ni kivuli peke yake, lakini ukichimba kidogo baada ya mvua utakuta udongo mkavu kabisa. Majani ya juu yamezuia mvua, na kidogo kilichofika chini kimenyonywa na mizizi ya mti. Kwa hiyo unatafuta mmea unaovumilia mambo mawili kwa pamoja, kivuli na ukame. Ukoka usiuwazie, unataka jua.

Kwangu sanseveria, ule mmea wa majani marefu magumu yaliyosimama wima, imeshika vizuri sana, na pembeni kidogo, panapopata mwanga zaidi, nimejaza klorofitamu, mmea mfupi wa majani membamba yenye mistari myeupe. Sikulima eneo zima. Nilitafuta nafasi kati ya mizizi, nikachimba vishimo vidogo, nikatia mboji na kupanda miche midogo. Mche mdogo unaingia bila kukata mizizi minene ya mti. Juu nikaweka matandazo ya majani makavu, ila yasigusane na shina. Na msirundike udongo mpya juu ya mizizi ili mpate tuta la maua; mizizi inahitaji hewa, na gome lililofukiwa huoza.

Mpanda Vyungu

Mimi ni baraza tu, sina ardhi. Baraza lenye jua: mshubiri, basi. Chungu kiwe na tundu chini. Yale mawe ambayo watu huweka chini ya chungu hayasaidii maji kutoka. Udongo wa juu yake hubaki umelowa vilevile, na mizizi inapungukiwa nafasi.

Fundi Bustani

Kazi yangu ni kutengeneza bustani za watu, nichangie mawili.

Panapotuama maji, pima kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 hivi, lijaze maji yaishe, kisha lijaze tena na utazame yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, udongo haupitishi maji vizuri. Hapo una njia mbili: kuinua tuta, au kukubaliana na maji. Mimi hupenda ya pili. Kana, ua la majani mapana, hustawi sana kwenye unyevu na jua, na magimbi ya mapambo yanafaa panapopata kivuli kidogo. Mafunjo hukubali hata maji yanayosimama, ila huenea, yapangie mpaka mapema.

Kwenye mteremko natumia vetiva, aina ya nyasi ndefu. Napanda mstari unaokata mteremko, mche kwa mche, sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake huenda chini zaidi ya mita 2 badala ya kutambaa pembeni, na mashina yakishafungana hupunguza kasi ya maji na kuzuia udongo usiondoke.

Njia Nyembamba

Kati ya nyumba na uzio nina upenyo mdogo. Jirani alipendekeza mti wa fikasi kwa sababu kitaluni ilikuwa ndogo na inapendeza. Nikaenda kuangalia iliyokomaa: mizizi ilikuwa imeinua sakafu ya nje. Nikachagua mwashoki, mti mwembamba unaopanda wima. Mche tuuangalie kwa ukubwa utakaokuwa nao baadaye, hasa karibu na mabomba na msingi.

Mama wa Wadogo

Samahani wadau, nina watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Nikwepe nini?

Fundi Bustani

Dada, oleanda, kile kichaka cha maua, usiipande kabisa, ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Difenbakia, ule mmea wa majani mapana yenye madoa, ikitafunwa huunguza mdomo na kuvimbisha ulimi. Uzio wa minyaa nao uache, utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya.

Mwenye mada

Bado sijaona mtu wa ufukweni. Upepo wenye chumvi mnaumudu vipi?

Upepo wa Bahari

Nipo mkuu. Mstari wa mbele ni mvinje na mkadi, vyote huvumilia chumvi na kichanga. Usijenge ukuta mzima ukadhani umemaliza, kwa sababu upepo huruka juu yake na kuangukia mimea ya nyuma kwa vurugu. Mstari wa miti unaopitisha upepo kidogo huupunguza nguvu vizuri zaidi. Nyuma yake ndipo nimeweka hibiskasi, na majani yake hayaungui tena kingo.