Mzigo umekwenda anwani ya zamani: nani alitoa hela? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kigamboni (mleta mada):
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike aliagiza blenda kwenye duka la mtandaoni, akalipa yote kwa simu. Alishahama Sinza muda mrefu, sasa tuko naye Kigamboni, lakini programu ya duka ilikuwa bado imehifadhi Sinza na ikaijaza yenyewe. Kijana wa delivari akafika Sinza, akapokewa na mpangaji mpya, akamwachia boksi, akaondoka. Mpangaji anasema hajapokea kitu. Duka linasema limepeleka lilikoelekezwa. Hela imekwenda, blenda hana.

Msimamo wangu: anwani kubaki Sinza tunabeba sisi. Ila jina na namba ya simu ya mwenye mzigo viliandikwa juu ya boksi, na simu yake ilikuwa hewani siku nzima. Kumkabidhi mtu mwingine bila hata kubipu, hilo ni la duka. Nyumbani tumegawanyika, shemeji yangu anasema tusamehe. Naomba mliokutwa na hili mseme liliishaje na nani alilipa.

Muuza viatu, Kariakoo:
Pole kwa mdogo wako. Nauza viatu vya kike, wateja wangu wengi wa WhatsApp. Mzigo ukikosea mahali, boda anadai hela mbili: ya kwenda alikoelekezwa na ya kumfuata mteja aliko. Ni haki yake, mafuta yameungua. Kariakoo hadi Tabata ni bei moja, kutoka Tabata kwenda Bunju ni bei nyingine kabisa, na faida ya pea moja ya viatu haifiki huko.

Kinachotuponza zaidi ni lokesheni. Mteja anachukua ile aliyomtumia mtu mwaka jana anakurushia hiyo hiyo, au anakwambia "niletee pale pale pa siku zile". Mimi kwenye daftari nina "Tabata Segerea, geti jeusi, mkabala na duka la dawa", kumbe mwenzangu geti jeusi alishaliacha. Kwa hiyo boda wangu hatoki mpaka nimpigie mteja, nimsomee mzigo unakokwenda, naye anijibu kwa maandishi. Akishathibitisha halafu akabadilisha boda akiwa njiani, nauli ya ziada ni yake. Nisipompigia, nauli ni yangu. Nimewaambia wazi na hakuna aliyegomba. Hao wa blenda wamrudishie hela yake.

Dereva wa boda, Mbezi:
Dada wa viatu analipa hadi safari ya ziada kosa likiwa lake, lakini wengi hawalipi. Nikienda nikamkosa mteja nikarudi na mzigo, kuna ofisi ambazo safari hiyo haihesabiwi kabisa, nimefanya kazi ya bure. Ndiyo maana unasikia vijana wanaacha kwa jirani au kwa mlinzi, kisha wanabonyeza "imefika". Sitetei, mimi mwenyewe siachi. Mkitaka wasiache, maduka yalipe safari ya mzigo uliorudi.

Mpangaji wa Ruaka, Nairobi:
Huku wengi wetu hulipa mzigo ukishafika, kwa hivyo anwani ikikosewa unapoteza muda tu. Taabu ni pale umelipa mbele. Nilihama Umoja nikaja Ruaka, na duka likatuma viti vya plastiki Umoja. Bahati nzuri, mzee wa geti alinifahamu, akaviweka kwake stoo na kunipigia. Duka lilikataa katakata kuvihamisha. Nilimpa mzee mia mbili ya shukrani, halafu nikatafuta mkokoteni na pikipiki, na hiyo nauli ilikaribia bei ya kiti kimoja. Tangu hapo nachagua kuchukua tao, yaani mjini kati, kwenye kibanda cha kupokelea mizigo. Mtu huhama nyumba, tao haihami.

Mwanasheria, Arusha:
Niseme kidogo upande wa sheria, maana ubishi wa shemeji na mleta mada ndipo ulipo. Sheria zetu za mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, zimefuata ile ya Uingereza ya 1893. Kanuni yake: muuzaji akishakabidhi bidhaa kwa msafirishaji ili ipelekwe kwa mnunuzi, kwa kawaida inahesabika mnunuzi ameshapokea, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake mzigo ukishapanda basi, hatari inaelekea kwako wewe uliyenunua. Kwa hiyo makubaliano ndiyo kila kitu. Kama duka liliandika "tutakuletea mpaka mlangoni, utapokea mwenyewe", hayo ni makubaliano, na unaweza kuyasimamia. Mleta mada, fungua ukurasa wa masharti wa hilo duka leo, upige picha za skrini kabla hawajabadilisha maneno. Tafuta panaposema nani anaruhusiwa kupokea. Kisha waandikie rasmi, na wakikaa kimya peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC.

Mama wa Leicester:
Asante wakili, sasa nimeelewa kwa nini huku mambo ni kinyume. Uingereza yenyewe ilishaiacha kanuni hiyo kwa wanunuzi wa kawaida. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, kifungu cha 29, inasema hatari ya mzigo ni ya muuzaji mpaka ufike mkononi mwako au kwa mtu uliyemtaja wewe. Ukileta msafirishaji wako mwenyewe, hapo ndipo hatari inahamia kwako.

Yangu ilikuwa hivi. Nilibadilisha anwani kwenye akaunti kabla ya kununua koti la mwanangu la baridi, na barua pepe ya uthibitisho ikaja na nyumba mpya. Koti likapelekwa nyumba ya zamani. Dukani wakanitumia picha: boksi limekaa chini ya mlango wa bluu, mlango ambao si wangu tena, na kibandiko cha anwani kinasomeka vizuri kabisa, anwani ya zamani. Nikawarudishia picha yao pamoja na ile barua pepe. Wakatuma koti jingine bila senti ya ziada. Ingekuwa uthibitisho umeandika nyumba ya zamani, ningeambiwa "tulipeleka ulikotuambia", na ningekuwa na kazi kubwa ya kubishana. Isomeni hiyo barua pepe ikiingia tu, mzigo haujaondoka ghalani.

Mengine mawili. Ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya watumiaji ya 1974 kinakuruhusu kuidai pia kampuni iliyokupa kadi, muuzaji akivunja mkataba. Na ile huduma ya Royal Mail, posta ya huku, ya kuelekeza barua nyumba mpya inahusu vinavyopita Royal Mail tu. Kampuni nyingine za vifurushi haziitambui.

Mdau wa Columbus, Ohio:
Marekani ni vivyo hivyo kwa Posta: ukiwaandikisha umehama, kampuni binafsi za vifurushi kama UPS na FedEx wao wanafuata kibandiko. Halafu hawa wakilazimika kusahihisha anwani wanatoza ada, na bili inakwenda kwa aliyetuma. Rafiki yangu anauza shanga na vitenge kwa mtandao, bili hizo zilimla mpaka akaandika kwenye ukurasa wa malipo kwamba anwani ikikosewa na mnunuzi, ada ataibeba mnunuzi. Naona ni haki, kwa sababu anaitaja kabla mtu hajalipa.

Mwalimu, Kisumu:
Mimi ni sanduku la posta. Niliagiza vitabu kutoka ng'ambo kwa sanduku la shule niliyofundisha zamani, karani akaniwekea. Nauli yangu, shukrani zangu. Sanduku la kazini si lako, ukihamishwa linabaki.

Mdau wa Mwanza:
Mimi niko upande wa pili kabisa. Nilinunua laini mpya, kumbe namba ilikuwa ya dada mmoja mfanyabiashara aliyeiacha. Ofisi za mabasi zikaanza kunipigia: "Una mzigo wako hapa kutoka Dar, njoo na kitambulisho." Kwetu mikoani namba ya simu ndiyo anwani yenyewe, inaandikwa kwa kalamu nene juu ya kiroba na basi limeondoka. Mara ya kwanza nilikwenda nikidhani ndugu zangu wamenikumbuka. Kiroba cha nguo za watoto, jina si langu. Nikamwomba karani asome jina na namba ya mtumaji, tukampigia tukiwa pale dirishani. Mtumaji akampata dada kwa namba yake nyingine, akaja kuchukua jioni. Gharama ya kuhifadhi mzigo aliilipa yeye, na hakulalamika, alikuwa ameshalia akijua umeibwa. Wakipiga sasa, kabla ya lolote nawaambia wanisomee jina lililoandikwa kwenye kiroba.