Tupeane uzoefu: taa na geji za dashibodi kwenye gari za kasi (Subaru, Altezza, RX-8 na ndugu zao)

Turbo_Kimara
Wakuu, heshima kwenu. Kijana wa jirani kaitoa Subaru WRX yake bandarini juzi, na usiku tumekaa ndani ya gari tunaisoma dashibodi. Kila akiwasha, dada wa Kijapani anaongea. Mtu wa gereji kamwambia huyo dada anatangaza hitilafu ya injini, atoe laki tatu aizime. Nimekereka sana. Yule dada anasema kadi ya ETC haijawekwa, yaani kadi ya kulipia barabara kule Japani. Basi! Chomoa waya wa kile kiboksi, ananyamaza. Watu wanaliwa hela zao hivi hivi. Tupeane uzoefu: taa gani iliwahi kukuwakia, na ilikuwa inasema nini hasa?

Mama Junior Moro
Laki tatu? Mimi niliombwa laki na nusu kwa dada huyo huyo. Nasoma kila comenti hapa.

Fundi Umeme Gerezani
Mkuu umeleta mada ya maana. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa zote lazima ziwake, halafu injini ikiwaka zizime. Gari inazijaribu taa zake. Taa ya kuogopa ni ile ambayo haiwaki kabisa. Wapo wauzaji wanaozima taa ya cheki injini au ya airbag ili mnunuzi asione kitu. Ukienda kukagua gari ya mkononi, anza na hapo kabla hata ya kufungua boneti.

Nyekundu: simama. Njano: unaweza kufika gereji. Lakini cheki injini ikianza kupepesa, punguza moto (legeza pedali ya mafuta) mara moja. Hapo injini inamisi (silinda fulani haichomi mafuta yake), petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, kile kisafisha moshi cha ndani. Na masega mnajua bei yake.

Boxer wa Tegeta
Nyongeza kwa wenye Subaru za miaka ya 2000 mwishoni: cheki injini ikiwaka, taa ya VDC (ya kuzuia gari isiteleze) inawaka nayo na ya kruzi (ya kushikilia spidi) inapepesa. Usikubali kuuziwa vifaa vitatu. Kompyuta ikiona tatizo la injini inazima na hizo huduma nyingine. Tatizo ni moja, pima kwa mashine usome kodi, yaani namba ya hitilafu.

Kaka Mkubwa Arusha
Kaza kifuniko cha tangi la mafuta, taa itazima yenyewe. Nyingi ni hicho tu.

Boxer wa Tegeta
Mkuu, huo ushauri ni wa gari za Marekani. Sheria yao inalazimisha gari ipime kama mvuke wa petroli unavuja kwenye tangi. Hizi zetu ziliuzwa kwa Mjapani, nyingi hazina kipimo hicho. Kaza ukitaka, ila usikae wiki nzima unasubiri taa izime.

Kaka Mkubwa Arusha
Yangu ilizima.

Boxer wa Tegeta
Sawa kaka.

STI_Nyanda za Juu
Hii mada imenigusa pabaya. Ngoja niseme.

Desemba iliyopita natoka Dar naenda Iringa, send-off ya mpwa wangu. Ndani ya Subaru STI nimembeba mama mzazi na shangazi, na masanduku ya vitenge hadi kwenye miguu yao. Mikumi geji inasoma karibu nusu. Ruaha Mbuyuni tumekula, mshale uko juu ya robo. Tangi la lita 60, robo ni lita 15, nikajua tutajaza Iringa mjini.

Tukaanza kupanda Kitonga. Mbele semi-treila, nyuma semi-treila, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Kona moja gari ikakohoa. Nakanyaga, turbo haipandi. Kona iliyofuata ikazima kabisa. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikawaka (injini ikizima lazima ziwake), usukani ukawa mzito, breki nikaikanyaga mara mbili ikagoma kushuka. Taa ya mafuta haijawaka. Mshale umetulia pale pale, robo na zaidi.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, tunarudi nyuma."

Handbreki nimevuta mpaka mwisho, nimeingiza gia ya kwanza, bado nahisi gari inanyemelea chini. Aliyetuokoa ni utingo wa lori la nyuma. Aliruka lori likiwa bado linatembea, akasukuma gogo chini ya tairi, kisha akakata matawi na kuyatandaza barabarani kule nyuma. Shangazi alishuka akapiga magoti pembeni ya lami. Mungu ambariki yule kijana popote alipo, jina lake hata sikulipata.

Dereva wa lori alitaka kunigawia mafuta yake. Dizeli hiyo, nikamshukuru nikakataa. Tukamtuma bodaboda Mbuyuni, akarudi na kidumu cha lita tano za petroli. Tukamimina, gari ikawaka hapo hapo. Nikajiambia geji imekufa.

Iringa nikaonyeshwa fundi mmoja mzee. Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua vifuniko viwili, akaniita nione. Tangi la gari hii limekaa kama tandiko la punda. Katikati limeinuliwa kupisha propela shafti inayokwenda magurudumu ya nyuma, kwa hiyo chini kuna vyumba viwili. Pampu iko chumba cha kulia peke yake. Mafuta ya kushoto yanavutwa kuja kulia kwa mpira mdogo unaotumia msukumo wa petroli inayorudi kutoka kwenye injini. Kila chumba kina boya lake, na geji inajumlisha maboya yote mawili. Fundi aliyenibadilishia pampu Dar alirudisha kila kitu isipokuwa ule mpira. Tangi likiwa limejaa hujui lolote, mafuta yanapita juu yenyewe. Yakishuka, chumba cha pampu kinakauka huku cha pili bado kina petroli. Geji haikudanganya, mafuta yalikuwemo, ila hayafikiki. Zile lita tano ziliwasha gari kwa sababu mdomo wa tangi uko upande huo huo wa pampu.

Kwa hiyo ukibadilishiwa pampu ya Subaru, simama hapo hapo, uone mpira umerudi kabla kiti hakijafungwa.

Mama Junior Moro
Jamani mwili umesisimka. Pole sana kaka. Mama anaendeleaje?

STI_Nyanda za Juu
Mzima dada, asante. Lakini anapanda basi siku hizi.

Mzee wa Chalinze
Pole, ila kijana, Kitonga huipandi na robo tangi ukiwa na mama yako ndani. Nusu kwenda juu, siku zote.

STI_Nyanda za Juu
Shikamoo mzee. Lita 15 zilitosha na kubaki. Ningekuwa na nusu kasoro gari ingezimia Ilula badala ya Kitonga, tatizo ni lile lile.

Mzee wa Chalinze
Marahaba. Ilula ni tambarare.

Gia Neutral
Mimi Kitonga nikishuka naweka neutral, nakula mafuta sifuri.

Fundi Umeme Gerezani
Acha kabisa, utatuulia watu! Na hesabu yenyewe siyo. Ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga moto, injekta zinafungwa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Tazama skrini, km/L inapanda mpaka mwisho. Ukiweka neutral injini inabaki sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa), inakunywa ili isizime, na breki zinabeba gari peke yake mpaka zinaungua.

Gia Neutral
Baba yangu ameendesha hivyo miaka yote.

Fundi Umeme Gerezani
Gari ya kabureta hiyo, mkuu. Na hata hiyo breki zake zilikuwa zinaungua.

Binti wa Likoni
Huku Mombasa nina Mazda RX-8. Ule mshale wa presha ya oili kwenye zile za mwanzo hukaa katikati tu, siku zote. Haupimi. Ndani kuna swichi: presha ipo, mshale katikati, haipo, unaanguka. Ukiuona umeanguka umeshachelewa. Na injini hii ya rota huchoma oili kwa maumbile yake, hupuliziwa ndani makusudi. Basi mimi nikienda kutia mafuta, kijiti cha oili ndiyo geji yangu.

Boxer wa Tegeta
Dada umenena. Taa ya birika jekundu ni ya presha, siyo ya kiasi cha oili. Wengi wanasubiri iwake ndipo waongeze. Kwenye injini za turbo ikiwaka tu, biringi zimeshalia, imenoki hiyo.

Mswahili Muscat
Hapa gereji tunayofanyia kazi inakuja Nissan GT-R. Skrini yake ilibuniwa na Polyphony Digital, watengenezaji wa michezo ya magari ya kompyuta, na inakuonyesha joto la maji, la oili ya injini na la oili ya gia kila moja kivyake. Ndipo unaona: maji yamefika katikati, oili bado ya baridi. Kwenye Altezza na Subaru zenu hamuioni hiyo, na mshale wa maji umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo. Mpe injini dakika za ziada kabla ya kuikanyaga.

Probox Haifi
Nunueni Probox, taa ikiwaka ziba na plasta.

Turbo_Kimara
Probox nenda kwenye uzi wako, mkuu.

Mgeni Dodoma
Wakuu samahani, Legacy turbo ya otomatiki. Nikiwasha, taa ya AT OIL TEMP inapepesa kwa muda halafu inazima, gari inatembea vizuri tu. Jirani anasema nimwage oili ya gia, imechemka.

Boxer wa Tegeta
Usimwage kwanza. Ikiwaka moja kwa moja ukiwa safarini, hapo oili imechemka: simama, acha injini sailensa mpaka oili ipoe. Ikipepesa mara baada ya kuwasha, kompyuta ya giaboksi imehifadhi kodi, inakwambia uisome. Hesabu inavyopepesa: ikifika mara 16 ndiyo yenyewe. Tafuta mwenye mashine inayoingia kwenye giaboksi za Subaru, siyo vile vidude vya injini tu, uweke kodi hapa tuione.