Tulilipia kulala ndani ya hifadhi, tukalazwa nje ya geti: safari ya lori Livingstone hadi Cape Town

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimerudi nyumbani Iringa wiki tatu zilizopita. Nimejaribu kumalizana na wakala aliyeniuzia safari na wenye lori kimya kimya, kwa simu na kwa barua pepe, wananipiga danadana tu. Naleta hapa kwa sababu najua humu ndani kuna watu wanadunduliza fedha kwa safari kama yangu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya darasa nikichora ubaoni mkondo baridi wa Benguela, nikieleza kwa nini pwani ya Namibia inapata ukungu lakini mvua haipati, na kwa nini mto Okavango unatoka Angola ukaja kufia kwenye mchanga wa Botswana bila kuiona bahari. Yote hayo niliyajua kwa kitabu na ramani. Nikaamua niende nikayaone. Miaka mitatu nimecheza vikoba na walimu wenzangu, nikauza na miti ya mbao ya kishamba changu Mufindi kabla haijakomaa vizuri. Dola 1,850 nikamtumia wakala kwa benki, na dola 600 nyingine taslimu nikazikabidhi Livingstone siku ya kwanza, wanaita mfuko wa njiani. Nauli ya basi kupitia Tunduma na Lusaka sijaihesabu hapo.

Kwa wasiozijua safari hizi: ni lori lililojengewa bodi yenye viti na madirisha makubwa, na ubavuni kuna makabati ya mahema, majiko ya gesi na masufuria. Tulikuwa abiria 19, wengi Wazungu, Mwafrika abiria ni mimi na dada mmoja wa Kampala. Hema unasimika mwenyewe. Mnapangiana zamu za kukata vitunguu, kuosha vyombo, kufagia lori. Vyombo vikishaoshwa havifutwi kwa kitambaa, mnasimama duara mnavipunga hewani mpaka vikauke. Sina ugomvi na hata kimoja katika hayo. Nimesoma bweni, najua kulala chini na najua kuosha sufuria la watu ishirini. Baridi ya mwezi wa saba jangwani nayo niliitegemea, nikabeba blanketi langu.

Ugomvi wangu unaanza kabla hata sijapanda. Wakala alinitoza dola 80 za "kushughulikia viza". Ndugu zangu, Mtanzania mwenye pasipoti hai haombi viza kwa matembezi ya muda mfupi Zambia, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini. Nilipohoji nikajibiwa kwamba safari ya kundi ina utaratibu wake. Nikalipa. Mipakani kote nilifika dirishani, wakaangalia pasipoti, wakagonga muhuri, nikapita. Ni Wazungu wawili ndio waliowekwa pembeni kusubiri. Hizo dola 80 zilishughulikia nini?

Ratiba iliyoandikwa ilisema wafanyakazi watatu: dereva, kiongozi wa msafara na mpishi. Wakaja wawili. Dereva ndiye huyo huyo kiongozi. Anaendesha siku nzima, jioni anatoa maelezo ya kesho, usiku yuko chini ya lori na tochi mdomoni. Mpishi alikuwa Mkenya, kijana mwenye adabu, ananiita mwalimu, tukiongea Kiswahili kila jioni wakati wa kumenya viazi. Naomba nieleweke: sina neno baya juu ya hao wawili. Walituvusha salama. Mwenye kosa ni aliyempa mtu mmoja kazi ya watu wawili akabaki na mshahara wa yule wa pili.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, nisiwe mwongo. Tulivuka Zambezi kwa daraja la Kazungula, lile lililofunguliwa Mei 2021, mita 923, limepindishwa katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Tulilala Kasane, tukaona tembo wa Chobe wanavuka mto wakiwa wameinua mikonga. Maun tukapakiwa kwenye mitumbwi ya mokoro, na hapo ndipo niliposhika maji niliyoyafundisha miaka yote: mvua ya nyanda za juu za Angola, imetembea miezi, imefika Botswana katikati ya kiangazi wakati hakuna wingu. Nilinyamaza. Mpiga pondo akaniuliza kama naumwa.

Kutoka Maun ndipo mambo yalipogeuka. Kwenye geti la mifugo la Kuke, kabla ya Ghanzi, maofisa wakafungua friji la lori na kutoa nyama yote mbichi ya ng'ombe. Kaskazini ya ule uzio ni eneo la nyati na ugonjwa wa miguu na midomo, nyama mbichi haishuki kusini. Hilo si siri, kila anayefanya biashara kwenye njia ile analijua. Kiongozi wa msafara wa kweli angesema nyama inunuliwe Ghanzi, lakini hatukuwa na kiongozi, tulikuwa na dereva aliyechoka. Siku mbili watu 19 tulikula tambi na maharage ya kopo, na nyama iliyobaki getini ilikuwa imenunuliwa kwa zile dola zetu 600.

Tumeipita Ghanzi kidogo, rejeta ikatoboka. Ilikuwa na kiraka cha zamani, nimekiona kwa macho yangu. Tukalala kando ya barabara ya Kalahari, tukapoteza siku moja. Ishikeni hiyo rejeta, kwa sababu ndiyo kisingizio chao cha kila kitu mpaka leo.

Sasa Etosha, hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Namibia. Karatasi yangu ya ratiba, ninayo hapa mezani, inasema: usiku mbili kambi ya Okaukuejo, ndani ya hifadhi, kwenye kisima cha maji chenye taa. Kisima hicho ndicho watu wanachokifuata. Unakaa kwenye benchi nyuma ya ukuta mfupi, taa zimewashwa, faru weusi na tembo wanakuja kunywa usiku kucha mbele yako. Geti la hifadhi linafungwa jua likizama. Ukiwa kambini ndani, unaendelea kuangalia. Ukiwa nje, umelala.

Tuliwekwa nje. Kambi ya kando ya barabara, kilomita kadhaa kabla ya geti la Andersson. Nikaambiwa ni kwa sababu ya rejeta, tumechelewa, geti limefungwa. Nikasema sawa, bahati mbaya, kesho. Kesho yake tukaingia asubuhi, tukaona twiga na choroa (oryx) na lile bonde jeupe la chumvi lisilo na mwisho, na saa kumi na moja jioni lori likageuzwa kurudi nje. Nikauliza: mbona leo hatujachelewa? Dereva akaangalia chini.

Nikaenda mapokezi ya kambi ile. Nikamuuliza dada wa pale kwa upole tu, kundi letu lilipewa nafasi lini. Akafungua daftari. Jina la kampuni, mahema kumi, usiku mbili, limeandikwa mwezi wa nne.

Mwezi wa nne! Rejeta imetoboka mwezi wa saba. Kwa hiyo miezi mitatu kabla hatujapanda lori, wakati wakala ananiandikia "usisahau kamera kwa ajili ya faru wa usiku", wao walishajua kwamba usiku tutakuwa nje ya uzio. Kulala ndani ni ghali, nje ni nafuu, tofauti wameitia mfukoni. Huo ni wizi.

Bado Sesriem, na hapa ndipo roho inaponiuma hasa. Hifadhi ya Namib-Naukluft ina mageti mawili pale. Ukiwa umelala kambi ya ndani, geti la pili unafunguliwa saa moja kabla ya jua kuchomoza, unaendesha kilomita 45 gizani, unapanda kilima cha mchanga cha Dune 45, unalisubiri jua juu. Upande mmoja wa kilima unakuwa mwekundu kama ulimi wa moto, upande wa pili bado mweusi. Ukilala nje, geti la kwanza linafunguliwa jua likichomoza, na bado kuna foleni ya vibali. Ratiba yetu imeandika kwa herufi nzito: alfajiri juu ya Dune 45.

Tukalazwa nje tena. Asubuhi tukakaa kwenye foleni ndani ya lori, madirisha yamejaa mvuke wa pumzi, tukaangalia jua linachomoza nyuma ya ofisi ya vibali. Tulipofika Dune 45 vivuli vimeshafupika na watu waliolala ndani walikuwa wanashuka, wanakung'uta viatu.

Kutoka hapo lami inaendelea mpaka kilomita ya 60 hivi, kisha kuna maegesho. Kilomita tano za mwisho kuelekea Deadvlei ni mchanga mtupu, lori kama letu haliwezi, unapanda gari dogo la kuvuta magurudumu manne. Hilo gari kwenye karatasi yetu limeandikwa "limejumuishwa". Dereva hakuwa amepewa hela yake. Kila mtu ajilipie, na akatupa saa moja na nusu kwa sababu mbele kulikuwa na safari ndefu ya siku tuliyoipoteza. Watu tisa wakalipa wakaenda. Mimi nilikuwa nimebakiwa na hela ya kula Cape Town na nauli ya kurudi nyumbani. Nikafikiria kutembea, kwenda na kurudi kilomita kumi kwenye mchanga, lori lingeniacha.

Kwa hiyo sikuiona Deadvlei. Miti ya mgunga iliyokufa zaidi ya miaka 500 iliyopita, imesimama wima kwenye udongo mweupe kwa sababu mto Tsauchab ulizibiwa njia na mchanga, na hewa ni kavu mno hata kuoza haiozi. Nimeieleza hiyo habari kwa kidato cha tatu kila mwaka. Wanafunzi wangu waliniandikia maswali kwenye karatasi ya daftari, la kwanza: "Mwalimu, je, ile miti ukiigonga inatoa mlio?" Niliikalia hiyo karatasi kwenye mfuko wa suruali, kilomita tano kutoka kwenye miti yenyewe, naangalia magari yanaondoka na watu yanarudi na watu. Picha nilizorudi nazo ni za maegesho.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Bonde la Fish River tulifika giza limeingia, hatukuona kitu. Mpaka wa mto Orange tulivuka salama. Cape Town tukashushwa barabarani, si kwenye hoteli iliyoandikwa, lori likawahi kundi lingine.

Madai yangu ni dola 430. Si fidia ya machungu, ni vitu nilivyolipia na sikupewa: ada ya viza isiyokuwepo, usiku mbili za Okaukuejo, usiku mmoja wa Sesriem, gari la mchanga, na sehemu yangu ya mshahara wa kiongozi ambaye hakuja. Wakala anasema yeye ni muuzaji tu, niongee na wenye lori. Wenye lori wanasema mkataba wangu ni na wakala. Kisha wote wawili wananionyesha sentensi ile ile: "ratiba inaweza kubadilika kutokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wetu." Kitu ulichokipanga mwenyewe mwezi wa nne kiko nje ya uwezo wako kivipi?

Mwenye uzoefu wa kudai wakala aliyesajiliwa hapa nyumbani, aniambie naanzia ofisi gani. Barua zote ninazo, risiti ya benki ninayo, karatasi ya dola 600 imesainiwa.

NYONGEZA: Nimeona maswali yenu. Anayeuliza kwa nini sikugoma palepale Etosha: tulikuwa katikati ya Namibia, mahema na chakula vimo ndani ya lori lao, ungegomea wapi? Na dada wa Kampala alisaini nami barua ya malalamiko, pamoja na abiria wengine saba, kwa hiyo msiniambie ni mimi peke yangu mwenye kero.

Anayeuliza kama afute safari yake ya Desemba na bado hajamaliza malipo: mwandikie wakala leo, muulize jina la kila kambi, usiku kwa usiku, na akutumie uthibitisho wa nafasi za Okaukuejo na Sesriem zenye tarehe zako. Zile ni kambi za serikali ya Namibia, uthibitisho upo kama nafasi ipo kweli. Akileta maneno matupu, usitume hela iliyobaki.

NYONGEZA 2: Leo mchana wakala amenijibu. Ananipa punguzo la asilimia kumi kwenye safari ijayo. Nimemjibu kwamba sitaki safari yake nyingine, nataka dola 430, na nimempa mpaka Ijumaa. Picha ya lile daftari la mapokezi ninayo kwenye simu. Nitaiweka hapa nikishaufunika mwandiko na jina la yule dada, asije akapoteza kazi kwa kuniambia ukweli.